Mashine Iliyoshushwa Duarani

Shemeji yangu Kasimiri hakuwahi kuvuta sigara. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilouliza kwanza alipougua, na wengine waliliuliza hata tulipokuwa tumekwisha kumzika, kama vile wangepata sigara moja tu ya kumtwisha wangelala kwa amani. Hakuvuta. Hata pombe alikuwa anaonja siku za sikukuu, anakunja uso, anampa mwingine kikombe.

Alikuwa mtu wa mashine. Alipomchumbia dada yangu Romana, alikuwa ndiye anayeendesha mashine ya kusaga na kukoboa hapa Usevya. Ukipita njiani ukakuta mashine imenyamaza, ulikuwa unaweza kumsikia yeye akiimba kule ndani. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya parokia. Sauti yake ilikuwa nzito, na kifua cha kuibeba alikuwa nacho. Mama yetu alisema binti yake ameolewa na ngoma.

Mwenye mashine ile alipoiuza na kuhamia kwingine, Kasimiri alibaki na jembe. Alilima mpunga misimu kadhaa, lakini ulikuwa unaona kabisa mkono wake umekosa kitu. Ndipo akaitwa Kanjele, machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda. Aliyemwita ni Salvator, mtu wa Karema, aliyeanza na biashara ya samaki wa migebuka kutoka ziwani mpaka akajinunulia duara. Duara ndilo lile shimo la kushukia chini, linakwenda wima kama kisima, halafu huko chini linatoa mahandaki ya kufuata mwamba wenye dhahabu. Salvator alikuwa na winchi, kompresa na jenereta, na hakuwa na mtu wa kuvielewa. Baadaye alisimamia ubatizo wa Rozalia, binti pekee wa Romana na Kasimiri. Mjue basi kwamba hawakuwa watu baki.

Wakati huo lami ya kutoka Sumbawanga ilikuwa haijafika. Kasimiri alipanda lori la mahindi, akakatiza mbuga kupitia Sitalike, akaingia Mpanda amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Romana na mtoto walimfuata baada ya mavuno.

Mwaka wa pili mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi. Maji yalijaa chini ya duara, yakafunika sehemu ile ile walikokuwa wameanza kuona dhahabu ya maana. Pampu ya injini ya dizeli ilikuwa imewekwa juu, mdomoni mwa duara, na ilivuta hewa tu kwa sababu maji yalikuwa mbali mno. Wachimbaji walikaa bila kazi. Wengine walianza kufunga virago kwenda machimbo mengine. Salvator alikuwa anazunguka duara lake kama mtu aliyefiwa.

Kasimiri alilifikiria jambo lile kwa muda, kisha akamfuata.

"Bosi, mashine haiwezi kuyavuta maji kutoka huku juu. Lakini ikishuka kule chini karibu nayo, itayasukuma mpaka yatoke."

"Mashine nzito namna ile itashukaje?"

"Tunaifungua. Tunashusha kipande kimoja kimoja, halafu naiunga upya humo humo."

Walichonga chumba ubavuni mwa handaki, juu kidogo ya maji. Kasimiri aliifungua injini ya dizeli, ikashushwa kwa winchi, akaiunga akiwa amepiga magoti kwenye tope. Alipoiwasha, watu juu walisikia mngurumo kutoka ardhini, na baada ya kitambo maji ya rangi ya chai yakaanza kutapika kwenye mpira wa pampu. Walimbeba mabegani. Salvator alichinja mbuzi, akamwita "Injinia" mbele ya watu wote, na jina hilo halikumtoka tena. Dada yangu aliniambia kwamba siku ile mumewe alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Kuhusu moshi, Kasimiri alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba upandishwe juu kwa bomba la chuma. Salvator alikubali kwamba bomba litanunuliwa. Kwa kuanzia, waliuelekeza kwenye handaki la zamani ambalo lilikuwa halichimbwi tena. Handaki lile halikuwa na tundu la kutokea. Moshi uliingia, ukajaa, ukarudi kwa watu.

Kasimiri alikumbushia habari ya bomba mara kadhaa, halafu akaacha. Sitaki kumpamba marehemu. Mashine ilikuwa inafanya kazi, maji yalikuwa yanatoka, yeye alikuwa Injinia, na mtu anayeheshimiwa hapendi kuonekana msumbufu. Bomba likasahaulika, na aliyelisahau hakuwa Salvator peke yake.

Rafiki yake mkubwa kule chini alikuwa Ng'washi, Msukuma ambaye baba yake alihamia Katavi na ng'ombe zamani. Ng'washi alikuwa anatoboa mwamba hatua chache tu kutoka kwenye mashine. Aliwahi kunieleza kwamba kuna saa moshi ulikuwa mzito mpaka tochi ya kichwani ilikuwa haimulikii mwamba, ilimulikia moshi wenyewe. Walikuwa wanapanda juu macho mekundu, vichwa vinagonga, wengine wakitapika. Mmoja alizimia siku moja, akavutwa juu kwa kamba na kulazwa chini hewani. Alipozinduka walimcheka kwamba ana roho ya kuku. Kesho yake alishuka tena.

Dawa yao ilikuwa maziwa. Kila mchimbaji utakayemuuliza atakwambia maziwa yanaosha kifua. Salvator alikuwa anayaleta kila asubuhi kwenye madumu, na watu walimsifu kwamba ni bosi anayejali. Hakuna aliyejiuliza maziwa yanayokwenda tumboni yataoshaje mapafu.

Romana ndiye aliyekuwa anaona yaliyotoka kule chini. Mumewe akipenga kamasi, nyeusi. Akikohoa asubuhi, makohozi meusi kama ya mtu aliyelamba sufuria. Foronya za mito zilikuwa na madoa mawili ya pua yasiyotoka kwa sabuni wala kwa kuanika juani, mpaka akaamua kushona foronya za kaniki, kitambaa cheusi, shauri likaisha. Ndivyo tulivyokuwa tunalimaliza kila jambo, kwa kulifunika.

Miaka ikaenda. Lami ilifika. Baadaye nguzo za umeme nazo zikafika kijijini Kanjele, na Kasimiri akamwambia Salvator kwamba sasa wanaweza kuweka pampu ya umeme chini na kuitoa ile ya dizeli. Salvator alisema waya mpaka kwenye duara ni safari ndefu, na umeme wenyewe unakatika katika. Walikuwa wanazungumza karibu na winchi, wala hawakukaa chini.

Kilichoanza kwenda ni sauti. Kasimiri alikuwa anaimba na kwaya ya kigango kule kule machimboni, na Jumapili moja besi ilikwaruza ikakatika katikati ya wimbo. Watu walidhani ni mafua. Mafua hayakuisha. Mwalimu wa kwaya alimsogeza mstari wa nyuma, kisha mwenyewe akaacha kwenda mazoezini. Halafu kikohozi kikaja na kukaa, halafu akaanza kupungua. Suruali zake Romana alizipunguza kiunoni mara moja, akazipunguza tena.

Kituo cha afya cha kwanza walimpima makohozi. Hayakuonyesha kitu, lakini mtu wa machimbo akikohoa jibu lake linakuwa limeshatoka kabla hajaketi. Alipewa dawa za kifua kikuu. Alizimeza zote mpaka mkojo ukawa mwekundu, hakupona, akaanzishiwa tena. Kwa muda wote huo alikuwa na sahani yake na kikombe chake. Rozalia alikuwa amekwisha kuwa msichana wa sekondari, na akirudi likizo baba yake alikuwa anamsalimia kutoka upande wa pili wa ua. "Kaa huko huko, mama. Nitakuambukiza." Ugonjwa uliokuwa ndani yake hauambukizi mtu yeyote. Alikuwa na haki ya kumkumbatia binti yake kila siku, na aliinyima nafsi yake kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Romana alinipigia simu.

"Kaka, njoo umchukue huyu mtu. Ananifia mikononi na dawa anameza."

Nilimchukua. Tulipanda treni Mpanda hadi Tabora, kisha basi mpaka Mwanza, yeye ameegemea dirisha na kanga ya Romana imezungushwa shingoni. Kwenye hospitali kubwa ya kule walimpiga picha, wakamwingiza kwenye ile mashine ya mviringo ya kupiga picha za ndani, wakachukua kinyama kutoka kwenye pafu. Tulingoja majibu kwa mtu wa kwetu anayeishi Igoma. Siku ya majibu tulimkuta daktari wa kike, kijana, anayesema taratibu.

"Mzee Kasimiri, ulivuta sigara miaka mingapi?"

"Sijawahi kuvuta."

"Kazi yako ni nini?"

Akamweleza. Daktari alimwacha amalize, kisha akauliza, "Na ule moshi wa mashine ulikuwa unatokea wapi?"

"Ulikuwa hautoki, daktari. Tulikuwa nao humo humo."

 Ndipo daktari akatuambia kwamba ni saratani ya mapafu, na kwamba imekwisha kutoka kwenye pafu na kwenda kwenye mifupa. Sauti ilikufa kwa sababu uvimbe umebana mshipa unaoiendesha. Alisema hawezi kuapa kwamba ni moshi peke yake, kwa kuwa vumbi la mwamba nalo lina madhara yake. "Lakini moshi wa dizeli unajulikana kwamba unaleta saratani ya mapafu. Na wewe umeuvuta miaka mingi, tena ndani ya shimo."

Kasimiri aliinua kichwa. "Unajulikana na nani?"

"Na wataalamu wa afya. Ni jambo la siku nyingi."

"Siku nyingi," alisema kwa ile sauti yake iliyobaki kama karatasi. "Basi lilipita njia nyingine. Kanjele halikufika."

Daktari alivuta karatasi akaandika. Alitupa dawa za maumivu na akatueleza kwa upole kwamba zilizobaki ni siku za kumpunguzia mateso.

Tuliporudi Mpanda, Kasimiri alikataa kwenda nyumbani kabla ya kumwona Salvator. Tulimkuta kwake mjini, nyumba ya vigae, mabanda ya kuku nyuma. Alitupokea vizuri. Aliagiza soda, akamshika Kasimiri mkono muda mrefu, akasema atamwombea misa. Yote hayo alikuwa anayasema kwa moyo, nilimwona.

"Bosi," Kasimiri alisema, "sikuja kwa ajili yangu. Mimi nimeshakwisha. Itoe ile mashine chini. Kuna vijana mle, na Ng'washi bado yumo."

"Daktari amekwambia ni mashine?"

"Amesema moshi wa dizeli unaleta ugonjwa huu."

"Mimi mwenyewe nimeshuka mle. Mbona mzima?"

"Ulishuka siku ya kutembeza wageni."

Salvator aliiweka soda yake chini. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina la njia, "Lakini Injinia, ile mashine aliyeishusha ni nani? Si wazo lako? Mimi nilikuwa sijui hata kama inaweza kushuka."

Kasimiri alimtazama. Mimi nilitaka kusema habari ya bomba, nikasema, na Salvator akajibu kwamba ni kweli, bomba lilizungumzwa, mambo yalikuwa mengi. Tukaaga. Kwenye geti Kasimiri alisimama kupumua, mkono juu ya ukuta. "Amesema kweli," akaniambia. "Ni mimi niliyeishusha."

Usiku ule tulilala kwa ndugu mmoja pale mjini. Asubuhi aliniambia, "Shemeji, nipeleke Kanjele." Nilimweka nyuma ya pikipiki, nikamfunga kwangu kwa kanga ili asianguke, tukaenda polepole.

Pale duarani walimpokea kwa shangwe. "Injinia kaja! Injinia kaja!" Halafu wakamwona vizuri na shangwe ikapungua. Ng'washi alitoka chini, uso mweusi, amevua kofia. Alikuwa ndiye msimamizi sasa. Walikumbatiana, na nilisikia Ng'washi anakohoa begani mwa mwenzake.

Kasimiri alijaribu kuwaambia. Alisema yote aliyoyasema daktari, lakini sauti haikufika hata kwa watu wa mstari wa pili, nikawa narudia mimi. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja aliuliza kama kule Usevya hakuna mtu mwenye ugomvi na familia. Mwingine akasema babu yake alichimba tangu ujana na alikufa kwa uzee. Kisha Ng'washi akasema lile lililokuwa kwenye mioyo yao.

"Injinia, kwa kuwa umekuja, tusaidie. Mashine inagonga. Inatoa moshi mweupe, haina nguvu. Tunaogopa itakufa na maji yatapanda."

Kasimiri alitega sikio juu ya mdomo wa duara, macho amefumba. Alisikiliza muda mrefu.

"Haitengenezeki humo," alisema. "Ipandisheni."

Iliwachukua karibu mchana kutwa. Waliivuta vipande vipande, na yeye akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa aliwaelekeza jinsi ya kuunga. Alibadilisha kitu hapa, akakaza hapa. Kisha akaniomba nimchotee kikopo cha mchanga kutoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ule uliosagwa mpaka umekuwa laini kama unga. Nilidhani anataka kusugulia kutu. Nikampa.

Alifungua mfuniko wa oili, akaumimina wote, akafunga. "Piga hendeli," akamwambia kijana mmoja.

Mashine ilishika. Ilinguruma vizuri kwa kitambo, watu wakaanza kutabasamu. Halafu ikatoa mlio kama wa meno yanayosagana, ikalia, ikakwama pale pale. Injini ilikuwa imenoki, na mtu yeyote anayejua mashine angekwambia hapo hakuna tena cha kutengeneza.

Ng'washi alielewa kabla ya wengine. Alimfuata Kasimiri akamkamata ukosi wa shati, kisha akamwachia, kwa sababu ndani ya shati hamkuwa na mtu wa kupigwa.

"Umetufanya nini? Watoto wetu watakula nini?"

"Nendeni mkalime," Kasimiri alisema.

"Tulime wapi? Wewe una shamba kwenu Usevya. Mimi mzee wangu ng'ombe zilikwisha, na shamba hatuna. Unafikiri nyie ndio mnaopenda uhai peke yenu?"

Mtu mmoja akatema mate karibu na miguu yetu. Walimuita mchawi, walimuita mwenye kijicho kwamba anataka kufa na wenzake. Watu wale wale waliompandisha mabegani. Nilimfunga tena kwangu kwa kanga na kuwasha pikipiki, na hakuna aliyetusukuma kwenye kilima.

Njiani alisema mara moja tu. "Angalau watapumua kidogo."

Tulimrudisha Usevya. Romana na Rozalia walifika na vyombo vyao. Siku hizo alikuwa anakula sahani moja na binti yake, akiokota wali kidogo kidogo kwa ajili ya kumridhisha, na maumivu ya mifupa yakija alikuwa anauma kanga. Salvator hakumshitaki. Alituma salamu kwamba amemsamehe. Haikupita hata wiki mbili alinunua mashine mpya ya dizeli, nyepesi kuliko ile, yenye kasi, akaishusha kwenye chumba kile kile. Haikuhitaji hata kufunguliwa vipande. Tulipata habari kwa simu, na Romana akaniomba nisimwambie mumewe. Sikumwambia. Sijui kama alikuwa anajua.

Alikufa mpunga ukiwa unavunwa. Kwaya ilimwimbia, na Salvator alikuja na gari mbili za watu. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema marehemu alikuwa fundi mwenye kipaji, na kwamba mwishoni ugonjwa ulimchanganya akafanya jambo baya, lakini yeye kama Mkristo alishalisamehe. Watu wakapiga makofi. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanishika mguu wa suruali kwa nguvu, nisisimame. Sikusimama.

Baada ya arobaini mwanamke alishuka kwenye gari la Mpanda akauliza kwa Romana. Alikuwa Minza, mke wa Ng'washi. Alikaa, akapewa maji, hakuyanywa. Alisema amekuja kutoa pole, na kweli alitoa, halafu akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Dada," akasema mwishoni, "nyie mlianzia hospitali gani?"

Romana alimtazama. "Sauti imekwenda?"

"Imeanza kukwaruza. Na usiku analala amekaa."

"Umemwambia aache kushuka?"

"Nimemwambia. Anasema akitoka leo, kuna watu wamekaa pale juu wanangoja nafasi yake."

Romana alimtajia ile hospitali ya Mwanza na jengo la kuulizia, akalirudia mara ya pili polepole ili alishike. Alimwambia pia asimtenge na watoto. Kisha dada yangu akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilimsindikiza Minza mpaka barabarani. Gari lilipokuwa linakuja aliniuliza kama huo ugonjwa mtu huwa anapona.

Nilimwambia wawahi.